Ghorofa ya Tatu, Rafu ya Kushoto

Siku yangu ya mapumziko hupanda ngazi.
Lifti nazitengeneza siku sita za juma;
ya saba sitaki hata kuisikia kengele yake.

Nje, Morioka imelala chini ya theluji ya Februari,
na viatu vyangu vinachora ramani ya maji
mpaka ghorofa ya tatu, rafu ya kushoto,
penye vitabu vya kufundisha watu kuunda programu za simu.

Nimekuja kwa ajili ya takataka.
Usicheke. Mtaani kwetu plastiki hutolewa Jumanne,
chupa Jumatano ya pili na ya nne,
karatasi Ijumaa, tena ziwe zimefungwa kwa kamba.
Mama yangu, Fusae, miaka themanini na miwili,
alitoa chupa siku ya karatasi.
Mfuko ukarudi mlangoni na kibandiko chekundu.
Siku tatu hakutoka nje.

Nataka simu imwambie alfajiri neno moja tu:
chupa.
Au: leo hakuna, lala.

Basi nachagua.
Kiko kinene kama mfuko wa mchele,
kurasa mia saba, na jaladani: kwa wanaoanza.
Wanaoanza nini, kunyanyua vyuma?
Kiko chenye picha ya paka aliyevaa miwani,
kinaahidi siku kumi na nne;
mimi kuiwasha kompyuta tu hunila robo ya hizo.
Cha tatu kinapendeza. Nafungua mwisho,
penye tarehe ya kuchapwa: miaka sita iliyopita.
Kwenye lifti miaka sita si kitu, kebo bado bikira.
Kwenye simu, kitufe anachokuonyesha mwandishi
ukurasa wa thelathini kilishafutwa,
na aliyekifuta hakuacha hata kaburi.

Muuzaji, Bi Kurebayashi, kidole gumba kina plasta
(karatasi mpya, asema, hukata kuliko kisu).
"Simu ya aina gani?"
Namwonyesha yangu.
"Si yako. Ya mama."
Hilo sikuliwaza. Nusu ya rafu ikafutika papo hapo.

Kisha, kama anayesoma bei:
"Fungua katikati. Mwanzoni kila kitabu
kina adabu za mgeni.
Ukielewa yote, kirudishe, huna haja nacho.
Usipoelewa hata mstari, kirudishe, hakina haja nawe.
Chukua kinachokuacha mlangoni
ila taa unaiona inawaka ndani."

Nikafungua chembamba, cha kijivu, kisicho na paka.
Ukurasa wa tisini na moja:
Hapa yatatokea maandishi mekundu. Usiogope.
Anza kusoma mstari wa chini.

Nikasimama pale mpaka soksi zikalowa.
Fundi asiyetaja kukatika kwa kebo
mimi lifti yake siipandi.
Wahenga walinena, kupotea njia ndiko kujua njia;
huyu kaichora hata njia ya kupotea.
Nikalipa.

Nyumbani mama akakipima kwa mkono.
"Cha nini?"
"Cha takataka."
Akageuza, akanusa gundi ya mgongoni.
"Kikizeeka, Ijumaa. Usisahau kamba."

Majuma matano. Maandishi mekundu nimeyaona
mengi kuliko vibandiko vya mtaa mzima.
Leo, kabla ya chai, simu ya mama ikatetemeka mezani
ikatamka neno lake la kwanza:
chupa.

Leo ni Jumapili.

Nilitaka kuichukua, niirekebishe upesi.
Mama akaifunika kwa kiganja,
kama anayemfunika mtoto asikanywe mbele za watu.
"Iache kwanza," akasema.
"Kumbe si mimi peke yangu."